Kamera Juu ya Maji

Mpiga picha aliye nchi kavu ana mikono miwili ya kazi. Akipanda chombo hubaki na mmoja, kwa kuwa wa pili ni wa kushikilia. Mabaharia humwagiza mwanafunzi wao ashike kamba au ukingo kabla hajashika kazi, na chomboni hakuna anayelivunja agizo hilo mara nyingi kama mpiga picha. Kamera inataka mkono wa kuibeba na mkono wa kuzungusha lenzi. Jicho moja limefumbwa, jingine limebanwa kwenye kioo kidogo cha kutazamia. Kwa muda huo haoni wimbi linalokuja ubavuni, haoni tanga linalogeuka, wala hajui kwamba wenzake wamekwisha kuinama. Mikasa mingi ya kupiga picha majini huanzia hapo: mtu amesimama palipo na watu wengine waliokaa, na anatazama upande mmoja tu.

Frank Beken, wa familia yenye duka la dawa katika mji wa Cowes, kisiwani Wight, Uingereza, alilitambua jambo hilo mapema katika karne ya 20. Alipiga picha za mashua za mashindano akiwa ndani ya boti ndogo, kwenye maji yaliyokuwa yakimrusha huku na huku. Akajitengenezea kamera ya sanduku la mbao yenye lenzi mbili, moja ya kutazamia na moja ya kupigia, iliyotumia vioo vizito vya kunasia picha kama ilivyokuwa desturi ya wakati huo. Mikono ililikumbatia sanduku, na kilichofyatua picha kilikuwa kibofu cha mpira alichokiuma kwa meno. Picha zake za matanga yaliyojaa upepo bado zinasifiwa, na sehemu ya sifa hiyo ni ya kibofu kile. Beken hakungoja ajali imfundishe. Alikaa nchi kavu akajiuliza kiungo gani cha mwili wake kitakuwa hakina kazi wakati wimbi linapopiga, akakipa kazi.

Mwili wenyewe, hata usipoanguka, huweza kuigomea kazi. Kichefuchefu cha baharini hutokea pale sikio la ndani linapohisi mtikisiko ambao jicho halioni sababu yake, na mpiga picha huuzidisha mgogoro huo kwa hiari yake: analinyima jicho upeo wa bahari, kitu pekee kilichotulia, na kulifungia ndani ya fremu inayoyumba. Ndiyo maana mtu aliyezoea mashua miaka yote huweza kutapika siku ya kwanza anapopewa kamera. Zamani ilikuwa vibaya zaidi, kwa sababu kazi haikuisha kwa kufyatua. Palikuwa na kusafisha vioo kwa dawa zenye harufu kali, katika chumba cha giza kisicho na dirisha, tumboni mwa meli. Herbert Ponting, mpiga picha wa msafara wa Kapteni Scott kwenda Antaktika, alisafiri mwishoni mwa 1910 ndani ya meli ya Terra Nova. Scott aliandika katika shajara yake kwamba Ponting, aliyekuwa hoi kwa ugonjwa wa bahari, alionekana akisafisha vioo huku mkono mmoja umeshika sinia la dawa na wa pili umeshika beseni la kutapikia. Hakuna anayeweza kuijua hali hiyo kwa kuzitazama picha zake, ambazo ni tulivu kupindukia.

Ponting huyo huyo, Januari 1911, alikimbia na kamera yake kwenye barafu ya Cape Evans kuwapiga picha nyangumi wauaji waliokuwa wakizunguka ukingoni. Nyangumi wakapotea chini ya maji, kisha barafu aliyosimama ikaanza kutikisika na kupasuka: walikuwa wakiipiga migongo kutoka chini, mmoja baada ya mwingine. Vipande vilitengana, vichwa vikajitokeza katikati ya nyufa, naye akaruka kutoka kipande hadi kipande mpaka barafu imara, kamera mkononi. Kisa hiki husimuliwa sana kwa ajili ya ushujaa wake. Chenye mafunzo zaidi ni kwamba Ponting aliuona ukingo wa maji kuwa mahali pa kusimama, na kosa hilo hufanywa kila siku bila nyangumi: kwenye gati lenye ukungu wa kijani, kwenye mwamba ambao wimbi la saba hulifikia jiwe ambalo sita za kwanza hazikuligusa, kwenye fungu la mchanga katika bamvua, ambapo maji yanayojaa hupita kwanza nyuma ya mtu, kwenye mkondo kati ya fungu na pwani, na kumfungia njia ya kurudi.

Baada ya mwili kuna chumvi. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi, na uharibifu wake wa kawaida si wa kuzama. Huanza na rasharasha. Tone moja hutua kando ya kitufe, mpiga picha analifuta kwa kanga au ncha ya shati, anaendelea. Maji yamekwenda, chumvi imebaki, imesukumwa kidogo kuelekea kwenye ufa ulio chini ya kitufe. Usiku hewa ya pwani hujaa unyevu, chumvi huuvuta na kuwa maji tena. Asubuhi jua huyakausha. Mzunguko huo hurudiwa siku baada ya siku, na kila mara chumvi huingia ndani zaidi, mpaka siku moja kitufe kinakwama au pete ya lenzi inasaga kama ina mchanga. Mwenye kamera husema imekufa ghafla, ilhali imekuwa ikiugua wiki nzima. Dawa yake ni rahisi hata inachosha: kitambaa kilicholoweshwa maji baridi na kukamuliwa, kila jioni, juu ya kila sehemu iliyokuwa nje, kisha kitambaa kikavu.

Kamera ikitumbukia kabisa, mambo hubadilika kwa dakika. Maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri, kwa hiyo maadamu betri imo ndani, umeme hutembea kusikotakiwa na kuzila nyaya nyembamba za shaba kama asidi. Jambo la kwanza, basi, ni kutoa betri, na wala si kuiwasha kamera ili kuona kama bado inafanya kazi, ingawa karibu kila mtu hufanya hivyo kwa sababu roho haitulii. La pili ni kutoa kadi. Kadi za kumbukumbu ni ngumu kuliko zinavyoonekana: hazina kitu kinachozunguka ndani yake, na zikisuuzwa kwa maji baridi na kukaushwa vizuri mara nyingi husomeka, hata pale kamera imekuwa takataka. La tatu huwastaajabisha wengi: kamera iliyozama baharini husuuzwa tena kwa maji matamu, kwa sababu imekwisha kulowa na adui aliyebaki ni chumvi. Huenda isipone hata hivyo; lakini ikiachwa ikauke na chumvi yake, haiponi. Kuifukia katika mchele, ushauri unaosikika kila mahali, hakuondoi chumvi hata chembe, na huongeza vumbi la wanga ndani ya lenzi.

Wanaotumia filamu wana kanuni inayoonekana kinyume kabisa. Filamu iliyoingiwa na maji ya bahari haikaushwi. Huwekwa ndani ya maji matamu yaliyo baridi, ikabaki humo mpaka ifike kwa msafishaji, kwa sababu ikikauka ikiwa imeviringwa, utando wake wenye picha hugandana na mgongo wa mzunguko ulio juu yake, na kuitenganisha ni kuichana picha yenyewe.

Simu zimeleta mikasa ya aina yake. Tangazo husema simu haipenyi maji, na mwenye simu huamini neno hilo linahusu bahari ya Nungwi au Shela. Kipimo kinachotumika hufanywa maabara, katika maji matamu yaliyotulia, kwa kina na muda uliopangwa, na kwa simu mpya. Simu iliyokwisha kuanguka sakafuni mara kadhaa, ikakaa kwenye jua la dashibodi, mpira wake wa kuzibia si ule tena. Na hati za dhamana kwa kawaida huacha nje madhara ya maji, jambo ambalo mnunuzi huligundua dukani akiwa amechelewa.

Kuna pia madhara ya hewa tu. Kamera iliyolala katika chumba chenye kiyoyozi ikitolewa alfajiri kwenye joto la pwani, kioo hufunikwa na ukungu, nje na wakati mwingine ndani, na nusu saa ya mwanga bora hupotea ikingojewa ipate joto. Kuiacha ndani ya mfuko uliofungwa mpaka ilingane na joto la nje huzuia hilo. Miezi ikipita katika kabati lenye unyevu, fangasi huota juu ya lenzi, nyuzi nyeupe zinazotambaa kutoka ukingoni, na wakati mwingine asidi yake huacha alama juu ya kioo ambayo haifutiki. Lenzi nyingi za Mombasa, Tanga na Unguja zimekwisha kwa namna hiyo bila kugusa bahari hata siku moja.

Chini ya maji kanuni hugeuka. Mwaka 1856, katika ghuba ya Weymouth kusini mwa Uingereza, William Thompson alishusha kamera ndani ya sanduku, akiwa yeye mwenyewe juu ndani ya boti. Sanduku likaingiza maji. Kioo kilichotolewa humo kilikuwa kimefifia, lakini kilionyesha miamba na mwani, na hiyo huhesabiwa kuwa miongoni mwa picha za kwanza kabisa kupigwa chini ya bahari. Yaani fani yenyewe ilizaliwa siku moja na ajali yake ya kawaida. Louis Boutan alipozamia na kamera Banyuls-sur-Mer, Ufaransa, mwaka 1893, alikabiliwa na tatizo la mwanga, na waliomfuata walilitatua kwa njia za kutisha. Mwaka 1926, katika visiwa vya Dry Tortugas, Florida, William Longley na Charles Martin walitafuta picha za rangi za samaki kwa kuwasha unga wa magnesiamu juu ya chelezo kilichoelea, mlipuko mzima kwa picha moja. Longley aliunguzwa na unga uliowaka kabla ya wakati. Picha zilichapishwa katika National Geographic mwaka uliofuata.

Siku hizi moto umeondoka na maji yamebaki. Kila mita 10 za kina huongeza kanieneo sawa na la hewa yote iliyo juu ya bahari, na kinachoyazuia maji yasiingie kwenye sanduku la kamera ni pete ya mpira isiyozidi unene wa utambi. Unywele mmoja au chembe ya mchanga juu ya pete hiyo inatosha. Cha ajabu ni kwamba mahali pa hatari kubwa ni karibu na uso wa maji, kwa kuwa kina ndicho kinachoikandamiza pete ikazibe vizuri. Sanduku lililovuja mara nyingi lilivuja katika dakika ya kwanza, mzamiaji akiwa bado anavaa miwani yake. Wazoefu huzamisha sanduku tupu kwanza, wakalitazama, ndipo wakaweka kamera.

Hayo yote ni hasara ya vyombo, na chombo hununuliwa kingine. Picha hainunuliwi. Hapa ndipo kisa cha Frank Hurley kinapostahili kutazamwa polepole, kwa sababu hakuna kingine kinachoonyesha wazi namna hiyo maana ya kuokoa picha kutoka majini.

Hurley, Mwaustralia, alikuwa mpiga picha wa msafara wa Ernest Shackleton kwenda Antaktika. Meli yao, Endurance, ilinaswa na barafu katika Bahari ya Weddell mapema 1915, na mwishoni mwa Oktoba barafu ikaivunja. Watu wakahamia kwenye barafu na mahema. Vioo vya Hurley vilibaki ndani ya meli iliyokuwa ikijaa maji, lakini alikuwa ameviweka katika makopo yaliyofungwa kwa risasi ya kuchomea, kazi aliyoifanya meli ingali nzima. Mwanzoni mwa Novemba alirudi, akapasua kuta kwa shoka, akavua nguo zake na kujitosa katika maji yaliyochanganyika na vipande vya barafu, akayapapasa makopo na kuyatoa. Maji hayakuwa yameingia.

Kisha ikaja sehemu ngumu. Shackleton alijua watalazimika kuburuta mashua juu ya barafu na baadaye kuzipakia watu 28, na vioo ni vizito. Wawili hao wakakaa juu ya barafu, wakavitazama vioo kimoja kimoja dhidi ya mwanga. Vilivyochaguliwa vilirudishwa koponi na kufungwa tena. Visivyochaguliwa Hurley alivivunja papo hapo, ili asije akabadili mawazo usiku. Vilivunjwa takriban 400, vikabaki takriban 120. Kamera zake kubwa aliziacha. Alibaki na kamera ndogo ya mfukoni ya Kodak na filamu tatu tu, na hizo ndizo alizopigia picha za miezi iliyofuata, hata zile za Kisiwa cha Elephant, walikookolewa Agosti 1916. Endurance ilizama Novemba 1915 na kupatikana Machi 2022, kwenye kina cha mita 3,008, wakati ambapo dunia nzima ilikwisha kuijua sura yake kutokana na vioo vile 120.

Husemwa kuwa Hurley alikuwa na bahati. Bahati yake ilikuwa makopo yaliyozibwa kabla ya meli kuvunjika, na ule ujasiri wa kuvunja picha nzuri ili picha bora zipite. Wengi hawawezi jambo hilo la pili. Wanaposhuka chomboni kwa haraka, hukumbatia begi zima, na begi zima huenda na maji.

John Kirk ni mfano wa upande mwingine. Alikuwa daktari na mtaalamu wa mimea katika msafara wa David Livingstone, na miongoni mwa watu wa kwanza kupiga picha katika bonde la Zambezi. Mwaka 1860, mtumbwi wake ulizidiwa na mkondo katika maporomoko ya Kebrabasa, mahali panapojulikana leo kwa bwawa la Cahora Bassa nchini Msumbiji. Aliponea chupuchupu, lakini madaftari yake na michoro ya mimea, kazi ya miaka, vilikwenda na mto. Kirk huyo ndiye aliyekuja baadaye kuwa balozi mdogo wa Uingereza Zanzibar, na akaendelea kupiga picha huko. Alichokipoteza Zambezi hakikuwa na nakala popote. Tofauti yake na Hurley haikuwa ushujaa wala ustadi. Ilikuwa ni kama kitu kimefungwa au hakijafungwa wakati maji yanapofika.

Wakati mwingine maji husingiziwa, au mtu husingiziwa badala ya maji. Mpiga picha wa vita Robert Capa alishuka na wanajeshi wa Marekani ufukweni Omaha, Normandy, tarehe 6 Juni 1944, maji yakiwa kiunoni na risasi zikipiga. Kwa simulizi yake mwenyewe, mikono ilimtetemeka alipojaribu kubadilisha filamu, akaiharibu kabla haijaingia katika kamera. Kisha akarudi majini kuifuata mashua ya kijeshi, kamera ameziinua juu ya kichwa. Picha zilizochapishwa ni chache mno, na kwa miaka mingi ilielezwa kuwa nyingine ziliyeyushwa London na kijana wa chumba cha giza aliyezidisha joto la kukaushia. Watafiti wa karne hii wameitilia shaka hadithi hiyo, na John Morris, mhariri aliyeisimulia kwa miongo, alikuja kukiri kwamba huenda picha hizo hazikupigwa kamwe. Kama ni hivyo, kijana huyo alibebeshwa lawama ya jambo ambalo maji baridi, hofu na vidole vilivyolowa vinatosha kulieleza. Mtu aliyewahi kujaribu kuweka filamu kwa mikono yenye maji hahitaji maelezo mengine.

Katika mwambao wa Afrika Mashariki mikasa ina sura yake. Siku za mashindano ya mashua Lamu, wapiga picha mara nyingi hupandishwa boti moja ya injini pamoja na watazamaji. Mashua zikipita, mabaharia wamejipanga kwenye ubao uliotokeza nje ili kuupinga upepo, wote waliomo katika boti hukimbilia upande ule ule. Boti hulala. Nahodha hupiga kelele, mtu mmoja husikia. Na mpiga picha anaweza pia kuwa yeye ndiye mkasa wa wengine: boti yake ikipita upande unakotoka upepo, tanga la mshindani hupungukiwa na upepo kwa muda, na mawimbi ya injini humvunjia mwendo. Mabaharia hulikumbuka jambo hilo, nao wana haki. Picha nzuri ya mashindano hupigwa na chombo kilichokaa upande wa chini ya upepo, kikangojea mashua zije zenyewe.

Ziwa Victoria hudanganya kwa njia nyingine. Maji yake ni matamu, kwa hiyo kamera iliyotumbukia Mwanza ina nafuu kuliko ya Bagamoyo. Lakini mpiga picha anayesimama majini kando ya matete alfajiri, akingoja mitumbwi ya dagaa irudi na taa zake, anasimama penye konokono wa kichocho, na mara nyingine penye kiboko. Dhoruba za ziwa huja kwa ghafla, hasa usiku, na wavuvi wanaosoma mawingu huamua kurudi mapema. Mgeni mwenye kamera huwaomba wangoje kidogo, kwa kuwa mawingu yale yale ndiyo yanayopendeza. Ombi hilo halifai kutolewa, na likitolewa halifai kukubaliwa.

Magazeti, hoteli na waandaaji wa mashindano huagiza picha za majini kila msimu, na mara nyingi hulipia picha tu. Anayetumwa ni kijana mwenye kamera ya kuazima, anayebembeleza nafasi katika boti ya mtu, bila jaketi la kuokolea, na kamera ikizama deni ni lake. Anayeagiza picha ya bahari na alipie chombo, nahodha anayeyajua maji hayo, na jaketi moja zaidi kwa ajili ya mpiga picha. Na nahodha akisema leo haitoki, mpiga picha alipwe siku yake.